Mshale wa joto umeshuka ghafla? Usifurahi haraka: jinsi ya kujua kama geji ya gari ya zamani inadanganya

Umetoka Kibirizi alfajiri, pikapu imejaa magunia ya dagaa, safari ni Kasulu. Mpaka Kidahwe kila kitu kiko sawa, mshale wa joto umetulia katikati kama siku zote. Mnaanza kupanda, na mshale unashuka taratibu mpaka kwenye C. Unajiambia leo gari imepoa vizuri, labda ni baridi ya asubuhi. Kilomita chache mbele injini inakosa nguvu, harufu ya mpira unaoungua inaingia ndani, na ukifungua boneti unakutana na mvuke. Gari imechemsha. Ukichungulia dashibodi, mshale bado uko kwenye C.

Hapo wengi husema geji ni mbovu. Inawezekana kabisa ni nzima. Sensa ya joto imefungwa kwenye injini ili iguswe na maji. Mpira wa rejeta ukipasuka na maji yakaisha, sensa inabaki kwenye hewa, na hewa haiipi joto kama maji yalivyokuwa yakiipa. Kwa hiyo mara nyingi inatuma habari ya baridi huku hedi ya injini inaungua.

Ndiyo maana dereva wa gari ya zamani anatakiwa auogope mshale unaoshuka ghafla njiani sawasawa na ule unaopanda. Simama, zima, subiri. Usifungue mfuniko wa rejeta gari ikiwa ya moto, maji yale yako kwenye shinikizo na yatakurukia usoni. Mpe nusu saa au zaidi, shika mfuniko kwa kitambaa kinene, legeza kidogo kidogo. Maji yakiwa hayaonekani, umeshapata jibu, na geji haina kosa.

Maji yakiwa yamejaa, sasa ndiyo tunaanza kuishuku geji na ukoo wake.

Kwanza hesabu: imekufa moja au zote?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalookoa hela nyingi kuliko yote. Ukienda kwa fundi ukasema tu "dashibodi haifanyi kazi," kuna uwezekano mkubwa dashibodi itafunguliwa. Ikishafunguliwa, kwenye gari ya miaka thelathini, zile plastiki za kushikilia huwa zinakatika na hazirudi kama zilivyokuwa. Mimi gari yangu ya kwanza ilifunguliwa dashibodi mara mbili, ikawa inapiga kelele kila tukipita kwenye matuta, na ugonjwa wenyewe ulikuwa waya mmoja chini ya boneti.

Kama geji zote zimelala kwa pamoja, usifikirie geji. Haiwezekani zikafa nne kwa siku moja. Fikiria kitu zinachokitumia pamoja. Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna fyuzi imeandikwa GAUGE, ya ampia 10, kwenye boksi la fyuzi karibu na goti la dereva. Kuna njia rahisi ya kuihisi hata kabla hujaitoa: weka swichi on, ingiza gia ya rivasi, mwambie mtu aangalie nyuma. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo hiyo inalisha na taa za rivasi. Geji zimekufa na taa za rivasi nazo hazipo? Anza na fyuzi. Ukiweka mpya ikaungua tena, usiweke kubwa zaidi, na usiweke kipande cha waya. Kuna waya umechunika mahali unagusa bodi, na ukilazimisha utaunguza nyaya zote.

Kama geji ya mafuta na ya joto zote zinasoma juu kupita kawaida, au zote chini, kuna kifaa kingine cha kushukiwa. Geji za zamani kabisa zina kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa, kimezungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, kipande kinapata joto, kinapinda, mshale unasogea. Ndiyo maana mshale wake unapanda polepole kama mtu anayeamka usingizini. Geji za aina hii zinahitaji umeme usiobadilika, kwa hiyo nyuma ya dashibodi kuna kidhibiti kidogo cha volti. Kwenye Land Rover za zamani kinashusha volti za betri hadi 10 hivi. Kikifa kwa kupitisha umeme wote, geji zote mbili zinapanda pamoja: tenki linaonekana limejaa na injini inaonekana inachemsha, wakati yote si kweli. Kikikata kabisa, zote zinalala.

Kidhibiti hicho ni bei ndogo kuliko geji mbili. Lakini ni mafundi wachache wanaokitaja, hasa vijana waliojifunzia kwenye magari ya juzi.

Ethi, ugonjwa wa kwetu

Kama mshale wa mafuta unacheza ukiwasha taa kubwa, au unaruka ruka kufuata indiketa, acha kutafuta kwingine. Hiyo ni ethi. Ni ule upande wa hasi unaofungwa kwenye bodi na kwenye injini ili umeme urudi kwenye betri. Ikishika kutu, umeme wa taa unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapitia njia ya geji, na mshale unayumba.

Kigoma tuna sababu za kuwa na ugonjwa huu. Pikapu nyingi zinazobeba chumvi kutoka Uvinza, na dagaa kutoka mialoni, zinamwaga chumvi kidogo kidogo kila safari. Chumvi ikichanganyika na unyevu wa ziwa inakula chuma, na inaanzia kwenye maungio ya waya kwa sababu hapo kuna umeme unapita. Halafu kuna tabia ya kuingiza gari ziwani kuiosha, Kibirizi au Katonga, maji mpaka kwenye ekseli. Achilia mbali kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji yanaingia kwenye plagi za waya chini ya gari na hayatoki. Miezi michache baadaye geji ya mafuta inakufa, na mwenye gari hakumbuki alifanya nini.

Kupima ethi hakuhitaji mashine. Tafuta waya mmoja mzuri, mrefu, uliochunwa pande zote mbili. Funga upande mmoja kwenye hasi ya betri. Swichi ikiwa on, gusisha upande wa pili kwenye chuma cha injini, halafu kwenye bodi, halafu kwenye boliti inayoshika nyaya za ethi karibu na dashibodi. Mahali ambapo ukigusa mshale unarudi kwenye hali yake, hapo ndipo ethi imekufa. Fungua boliti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena kwa nguvu, paka grisi au Vaseline kwa juu.

Grisi usiidharau. MV Liemba unayoijua, ile meli ya Wajerumani iliyoingia ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini grisi nzito. Ilitolewa majini mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka kadhaa chini ya maji. Plagi ya waya wa geji yako inaomba grisi ya kijiko kimoja tu.

Imekufa moja: kata njia katikati

Geji moja ikiwa na shida na nyingine nzima, kuna vitu vitatu tu: sensa, waya, na geji yenyewe. Kosa la watu wengi ni kununua sensa kwanza kwa sababu inapatikana madukani, halafu geji ya mtumba kwa sababu sensa haikusaidia. Pima kwanza, ni kazi ya dakika tano.

Tuchukue ya joto. Kwenye injini, karibu na pale maji yanapotokea kuelekea rejeta, kuna sensa yenye waya mmoja. Angalia usichanganye. Magari ya baadaye yana sensa nyingine yenye waya mbili ambayo ni ya kompyuta ya injini, na nyingine ya kuwasha feni. Ya geji mara nyingi ni ile ya waya mmoja.

Weka swichi on, chomoa ule waya. Kwenye Toyota na magari mengi ya Kijapani, mshale unatakiwa ulale kwenye C. Halafu gusisha waya huo kwenye chuma cha injini. Mshale unatakiwa upande kuelekea H. Usiushikilie, ukianza kupanda tu toa. Njia salama zaidi ni kupitishia kwenye balbu ndogo: vitabu vya Toyota vinasema ya wati 3.4, zile ndogo za dashibodi. Balbu inazuia umeme usiunguze geji.

Mshale ukipanda na kushuka hivyo, geji ni nzima na waya ni mzima. Mgonjwa ni sensa. Mshale usipotikisika, mgonjwa ni waya au geji. Ukipanda wenyewe wakati waya umechomolewa na haujagusa kitu, waya umechunika mahali unagusa bodi.

Sensa nayo inapimwa jikoni. Hii ya joto ukinzani wake unapungua kadiri inavyopata moto. Kwenye Toyota kadhaa za miaka ya 1980 na 1990 ni kama omu 226 ikiwa nyuzi 50, na inashuka mpaka omu 26 hivi ikifika nyuzi 115. Chukua mita ya fundi umeme, tumbukiza ncha ya sensa kwenye sufuria ya maji, washa jiko, angalia namba. Zinatakiwa zishuke taratibu bila kuruka. Kwa taarifa tu, sisi tuko mita 770 na ushee juu ya bahari, kwa hiyo maji ya sufuria Kigoma yanachemka kama nyuzi 97, hayafiki 100.

Na kuna hili, ambalo limesumbua watu wengi. Sensa mpya imefungwa, fundi kazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba ili maji yasivuje, gari inawashwa, mshale haupandi. Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia nyuzi zake za kufungia. Ukizizungushia tepu nyingi umeikatia njia. Toa tepu, jaribu tena kabla hujarudisha sensa dukani na kugombana na muuzaji.

Mshale ambao haufiki katikati kamwe

Kuna gari mshale wake unakaa robo siku nzima, mwenye gari anasema geji imechoka. Muulize kama gari iliwahi kuchemsha. Atakwambia ndiyo, ilichemsha, fundi akatoa thamostati, tangu hapo haijasumbua.

Hapo geji inasema kweli. Thamostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi 76 na 88. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata moto au haifiki kabisa. Inakula mafuta zaidi na inachakaa haraka. Baya zaidi kwa mada yetu ni kwamba macho yako yamezoea mshale wa chini. Siku rejeta ikiziba na mshale ukafika katikati, utaona "sasa ndiyo imekaa vizuri," kumbe ndiyo dalili ya kwanza. Rudisha thamostati, halafu tafuta kilichokuwa kinachemsha gari.

Injini ikibadilishwa nayo inaleta mambo. Ukifunga injini ya gari nyingine ikaja na sensa yake, namba za sensa hiyo zinaweza zisiendane na geji ya kwako. Vyote ni vizima ila havielewani. Dawa ni kufunga sensa ya gari iliyotoka hiyo dashibodi, kama nyuzi zake zinakubali.

Mafuta: kwa nini inafia robo

Ndani ya tenki kuna boya kwenye mkono. Mafuta yakishuka boya linashuka, na mkono unatembea juu ya njia ya waya mwembamba inayobadilisha ukinzani. Kwenye Toyota nyingi ni kama omu 3 tenki likijaa na omu 110 likiisha. Kwa hiyo kipimo ni kile kile: chomoa waya, mshale uende E, gusisha kwenye bodi kupitia balbu, uende F. Fanya hivyo kwenye plagi iliyo mbali na tenki, na tenki likiwa limefungwa. Cheche na mvuke wa petroli havichezewi, hasa kwa wale wanaofungua kifuniko cha boya chini ya siti na kuanza kupima hapo hapo.

Sasa angalia tunavyonunua mafuta. Elfu kumi leo, elfu ishirini kesho kutwa. Boya la gari zetu nyingi halijaona F kwa miaka. Muda wote linacheza kati ya E na robo, linasugua sehemu ile ile ya waya mpaka inaisha. Ndiyo maana ukijaza tenki kwa safari ya Tabora geji inafanya kazi vizuri kabisa, ikikaribia robo inaruka kwenye E, inarudi, inapotea. Inakufa pale pale unapoihitaji. Kusafisha huwa kunasaidia kama ni uchafu tu. Kama njia imesuguliwa mpaka imekatika, boya zima linabadilishwa.

Boya lililotoboka na kuingia mafuta linazama, na geji inasoma E hata tenki likiwa limejaa. Litoe ulitikise karibu na sikio, utasikia.

Mambo mawili si ugonjwa. Mshale wa mafuta kusogea ukiwa kwenye mlima ni mafuta yamehamia upande mmoja wa tenki. Na kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 mshale wa mafuta haurudi E ukizima gari, ndivyo zilivyotengenezwa.

Kama huna hela ya boya sasa hivi, tumia simu. Siku tenki liko karibu na kuisha, weka lita 10, sogeza gari mbali na pampu, weka swichi on, subiri mshale utulie, piga picha. Ongeza lita 10, piga tena. Ukimaliza una ramani ya geji yako mwenyewe, na kwa njia ya Uvinza kwenda Mpanda ramani hiyo ni bora kuliko kubahatisha.

Taa ya oili na ya chaji

Hapa sina maneno mengi. Weka swichi on bila kuwasha injini. Taa ya oili na ya chaji lazima ziwake. Zisipowaka, balbu zimeungua au kuna mtu kazikata, na wauzaji wa gari mbovu wanafanya hivyo sana. Ukienda kununua gari, hicho ndicho kipimo cha kwanza, kabla hata hujasikiliza injini.

Taa ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo. Pima oili kwa stiki. Oili ikiwepo na taa bado inawaka, usikubali kauli ya "bosi, hiyo swichi tu, endesha" mpaka fundi atoe ile swichi na kufunga geji ya mkono mahali pake aone presha halisi. Swichi ni bei ya soda chache, injini iliyonoki ni habari nyingine.

Ya chaji, pima betri kwa mita: gari ikiwa imezimwa ni volti 12.6 hivi, injini ikinguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya hapo alteneta haichaji, geji haijakosea.

Spidi

Gari za zamani zinatumia kebo inayozunguka kutoka gia boksi. Mshale ukipunga kama mkono, kebo imekauka au inakatika. Ukifa pamoja na kihesabu kilomita, kebo imekatika au gia yake ndogo imekwisha. Kihesabu kikitembea na mshale umelala, hapo sasa ni geji. Ukitaka kujua inakosea kiasi gani, mpe abiria simu yenye programu ya GPS alinganishe. Ukifunga tairi kubwa kuliko za kiwandani, spidi halisi inazidi unayoisoma, na kwenye makazi mwisho ni 50. Askari mwenye tochi pale Mwandiga hatasikiliza habari ya tairi.

Kama baada ya vipimo vyote geji ndiyo yenye kosa, utaenda kwa wenye spea za mtumba. Peleka ya kwako mkononi, linganisha plagi nyuma na si sura ya mbele, kwa sababu dashibodi mbili zinafanana kabisa huku nyaya zimepangwa tofauti. Na ukibadilisha dashibodi nzima, kilomita nazo zinabadilika. Piga picha ya namba ya zamani na ya mpya siku hiyo hiyo, uiandike kwenye karatasi ya sevisi, ili oili ijayo uimwage kwa hesabu sahihi na atakayenunua gari baadaye aone umeitembeza kiasi gani.